Taa Nne za Kepten

Kama umewahi kununua misumari kwa Kavita, kule upande wa viwandani Nakuru, basi umewahi kulizunguka lile benchi, maana limekaa mbele ya mlango kana kwamba lina hisa dukani. Ni ubao wa lori lililokufa zamani, umelazwa juu ya ringi mbili, na kila mwenye haki ya kuukalia ana jina ambalo mama yake hakumpa. Kang'ethe anaitwa Waziri kwa sababu ya koti la suti asilolivua hata jua likichoma. Kahiga wa pikipiki ni Radio, na asiyejua kwa nini asubiri kidogo tu. Manjit, fundi wa magari mwenye karakana ng'ambo ya barabara, ni Spana. Kahawa ni ya Naliaka, ya tangawizi, birika juu ya jiko la makaa, na Naliaka hana jina la kijiweni kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Alasiri hiyo mawingu yalikuwa yamekalia mlima Menengai, na benchi zima lilikuwa limeipa barabara mgongo, jambo lisilotokea kila siku, likitazama gari jeupe lililoegeshwa ubavuni mwa duka.

Gari lilikuwa la Kipngetich, ambaye hapo huitwa Kepten. Alikuwa ameendesha malori maisha yake yote, Juba, Kigali, Lubumbashi, na alipostaafu watu walidhani atatulia Kabazi apalilie viazi. Badala yake akanunua gari-nyumba kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ndani mna kitanda, sinki, jiko la gesi na friji inayotumia gesi, na chini ya sakafu kuna tangi la gesi lililofungwa kwa bolti. Ukutani, juu ya sinki, kuna geji ya taa nne. Taa moja maana yake gesi ni kidogo, taa nne maana yake tangi limejaa.

Taa za Kepten zilikuwa nne siku aliyolinunua. Zilikuwa nne alipopika ugali humo ndani na alipokosa kupika. Zilikuwa nne hata siku gesi ilipokwisha kabisa karibu na Kainuk, katika joto la kukaangia yai juu ya boneti, friji ikazima na dawa ya sukari ya mkewe, ile ya kudunga, ikaharibika humo ndani bila wao kujua. Waligeuza gari. Jepkemei, mkewe, alikuwa amezidiwa na akalazwa hospitali Kapenguria, na Kepten akakaa kando ya kitanda chake na hofu ambayo hakuwahi kuionja hata kwenye barabara ya Juba.

Siku hiyo walikuwa njiani kwenda Lodwar, kwa kushikiliwa na Jepkemei, kwa binti yao Chepkosgei, mwalimu, aliyekuwa karibu kujifungua. Sasa mtoto ameshazaliwa, ameshaanza hata kukaa mwenyewe, na Jepkemei ametangaza kwamba kesho alfajiri wanaondoka. Kepten amekuja kijiweni geji itengenezwe kwanza. Ndivyo alivyojiambia. Benchi lilijua na jambo jingine: kwamba Chepkosgei alipopiga simu kusema ana mimba na hakuna harusi, baba yake alimwambia asimpigie tena, na binti hakupiga tena. Lakini benchi lina adabu zake. Geji ilikuwa rahisi zaidi kuongelea.

— Shida ni hiyo nne, Waziri alisema akipuliza kahawa. Ingekuwa taa tatu, ningekwambia ni waya. Nne ni mambo ya kimataifa.

— Kimataifa aje sasa? Radio aliuliza.

— Hiyo gari ilitengenezewa nchi ya chini, karibu na bahari. Sisi hapa tuko juu. Hewa ya huku ni nyepesi. Gesi ikifika Nakuru inajiskia huru, inapanda mpaka kwa geji, inasema mimi nimejaa. Peleka hiyo gari Mombasa leo, utaona taa zinarudi mbili.

— Wacha bana. Hiyo ni Menengai, Radio alisema. Wale wasee wa mvuke si wametoboa huo mlima ukabaki kama chujio? Sasa stimu inatembea huku chini ya mchanga, inatafuta mahali pa kuingia. Inapata tangi ya Kepten. Mzee, gesi yako haiishi, ni vile hujui tu. Unatembea na volkeno.

— Iliisha Kainuk, Kepten alisema.

— Na Kainuk kuna volkeno?

— Hakuna.

— Si unaona.

Waziri hakupenda kushindwa na mtu wa pikipiki. Aliweka kikombe chini, akakunja mguu.

— Basi niwaeleze kitu hamjui. Yule mwenyewe wa kwanza aliacha hiyo geji ikisema imejaa makusudi. Alikuwa anauza. Mtu anayeuza gari anaizoesha. Unaikalisha nne, nne, nne, mwisho inazoea. Ni kama mtoto ukimzoesha sukari.

— Sasa tumzoeshe aje tena? Naliaka aliuliza.

— Pole pole. Unaifunika na kitambaa wiki mbili, isione.

Kepten alicheka pamoja nao. Alipenda kijiwe hiki kwa sababu hiyo hasa, kwamba mtu angeweza kuja na mzigo wake na wenzake wakaubeba juu juu, wakautupiana, mpaka ukaonekana mdogo. Alikunywa kahawa yake na kwa muda akasahau kesho.

Miguu ya Spana ndiyo iliyoonekana kwanza, kisha Spana mzima, akitoka chini ya gari na kilemba chake kikiwa na vumbi upande mmoja. Aliketi, akapokea kikombe, na wote wakamngoja, maana Spana ndiye pekee aliyekuwa ameigusa hiyo geji kwa mkono.

— Betri iko sawa, nimepima, alisema. Fyuzi iko sawa. Waya ya kwenda kwa bodi ilikuwa na kutu, nimeisugua mpaka inang'aa. Taa bado ni nne. Kwa hivyo anayedanganya ni sensa, hicho kidude kimekaa juu ya tangi kikituma habari huku ndani.

— Na huko kwa tangi yenyewe hakuna kitu ya kuangalia? Naliaka aliuliza.

— Iko. Kuna kisaa kidogo na mshale. Lakini kioo kilipasuka zamani, matope imeingia, mshale umeshikana na lami. Huo hausemi kitu. Sensa mpya itabidi niagize Nairobi. Nikipiga simu leo, wiki ijayo iko hapa.

Kepten alisikia wiki ijayo, na kitu kifuani mwake kikalegea, kama mkanda unapofunguliwa baada ya kula. Kisha akaona aibu kwa ajili ya kule kulegea. Alikuwa na hakika hakuna aliyegundua.

— Wiki ijayo ni sawa, alisema. Hakuna haraka. Afya ya Mama Chep kwanza.

Naliaka alikuwa akikoroga makaa. Alimtazama mara moja, akarudi kwenye makaa yake.

— Lakini si mlisema ni kesho? Radio aliuliza.

— Utaendesha gari hujui iko na gesi ngapi? Friji izime tena huko jangwani?

Hata Radio alikumbuka hali aliyorudi nayo Jepkemei kutoka Kapenguria, akishikwa mkono kushuka garini. Kisha Radio, asiyejua kukaa na ukimya ndani ya nyumba moja, akainua kidole.

— Kwani nyumbani mtungi wa gesi ukikushinda unafanya aje?

— Unautikisa, Naliaka alisema.

— Unautikisa. Unaskia ile kitu ndani ikienda kwacha kwacha. Hakuna geji, hakuna sensa, hakuna Nairobi. Kenya nzima tunatikisa.

Ilikuwa kweli, na kweli hiyo iliwaingia wote kwa wakati mmoja. Hakuna mtu pale benchini, wala mtaani kote, aliyewahi kujua gesi yake kwa njia nyingine. Unaushika mtungi kwa mikono miwili, unatega sikio, unaamua kama wali utaiva.

— Hiyo tangi imefungwa na bolti, Spana alisema.

— Basi tutikise gari.

Na hapo ndipo ungeona utu uzima unavyoweza kumwacha mtu mchana peupe. Waziri alivua koti. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ameona mgongo wa shati lake, na sasa ukaonekana, una kiraka kikubwa cha maua, naye akalikunja koti vizuri akamkabidhi Naliaka. Spana, fundi mwenye cheti ukutani, alirudi chini ya gari na kubandika sikio kwenye tangi. Radio akashika bampa ya mbele, Waziri bampa ya nyuma, na Kepten mwenyewe akaweka mabega ubavuni mwa nyumba yake.

— Moja, mbili, sukuma.

Gari likayumba kwenye springi zake. Likayumba tena, kwa nguvu zaidi.

— Naskia kitu, Spana aliita kutoka chini.

— Kitu gani?

— Sufuria.

— Ongeza, Waziri alisema akihema.

Waliongeza. Kitu kikaanguka ndani na kuvunjika, kisha kingine, na sauti ya mwanamke ikatoka dirishani, tulivu kuliko ilivyostahili.

— Ni tetemeko?

Kepten aliuacha ubavu wa gari kana kwamba umewaka moto. Alidhani mkewe bado yuko duka la dawa. Kumbe alikuwa amerudi kwa upande wa pili, akaingia, akajilaza. Mlango ulifunguliwa na Jepkemei akasimama kwenye ngazi, leso mabegani, mguu mmoja una kiatu na wa pili hauna.

— Baba Chep, mnafanya nini?

— Tulikuwa tunasikiliza gesi.

— Imesema nini?

Hakuna aliyecheka, ingawa Naliaka alilazimika kuficha uso ndani ya koti la Waziri. Jepkemei alishuka, akaketi mwisho wa benchi, na Radio akampa nafasi zaidi ya aliyohitaji. Spana akamweleza yote, taa, waya, sensa, mshale ulioshikwa na lami, Nairobi na wiki ijayo. Jepkemei alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye wiki ijayo alikiinua, akamtazama mumewe, kisha akakiinamisha tena.

— Mimi mtungi wangu wa Kabazi hauna taa, alisema. Nikitaka kujua, namwaga maji moto hapa ubavuni, halafu napitisha mkono kutoka juu. Mahali hakuna gesi, chuma inashika moto. Mahali gesi imefika, inabaki baridi. Unaskia kabisa na kiganja. Tangi si pia ni chuma?

Spana alijipiga paji la uso.

— Hata mama yangu alikuwa anafanya hivyo, alisema. Nimekaa na hiyo sensa mpaka nimekuwa mjinga.

— Maji moto iko wapi? Waziri aliuliza.

Wote wakamgeukia Naliaka. Kando ya birika kulikuwa na sufuria ya maji yaliyokuwa yakingoja kuwa kahawa ya jioni, kahawa ya watu wanaotoka viwandani, ambayo ndiyo yenye wateja. Naliaka alilishika sikio la sufuria kwa kitambaa na hakuliachia.

— Hii ni kahawa, alisema. Bado haijajua tu. Na sina mtungi mwingine wa maji hapa.

Alimtazama Kepten kwa muda, jicho lile lile la kwenye makaa, kisha akamtazama Jepkemei na mguu wake usio na kiatu.

— Chukueni. Lakini jiko mnisogezee ng'ambo ya mtaro kwanza, sitaki kuruka na gesi ya watu. Na kila mtu aliye na kikombe ajue hicho ndicho cha mwisho.

Kepten alisema ataingia mwenyewe. Alilala chali chini ya gari, shati kwenye changarawe, na Spana akayamimina maji polepole kwenye ubavu wa tangi. Mvuke ukapanda. Kepten akaweka kiganja juu kabisa. Moto. Akakishusha kidogo. Moto. Akashusha tena, kidogo tu, na chuma kikawa baridi ghafla, baridi ya kuuma, na kutoka hapo hadi chini tangi lote lilikuwa baridi.

Gesi ilikuwa nyingi. Ilikuwa imepita nusu kwa mbali. Alikuwa amelijaza tangi waliporudi kutoka Kapenguria na tangu hapo hakuwa amelitumia sana, na sasa akajiuliza ni kwa nini jambo hilo halikumjia kichwani alasiri nzima.

Alikaa pale na mkono wake kwenye baridi. Chini ya gari hapakuwa na mtu mwingine. Spana alikuwa amesimama na sufuria, hawezi kuona kitu. Angeweza kusema imeisha. Neno moja tu, na wiki ijayo ingekuwa wiki ijayo, na baada yake kungepatikana kitu kingine, kwa kuwa gari halikosi kitu. Hakuogopa jangwa. Alimwogopa msichana aliyekuwa akimpelekea chai kwenye lori alfajiri, ambaye aliambiwa asipige simu na akatii.

— Imefika wapi? Jepkemei aliuliza.

Kutoka alipolala aliweza kuona miguu yake tu. Ule usio na kiatu ulikuwa umevimba kifundoni, umewekwa juu ya wa pili usiguse vumbi. Miguu hiyo ilikuwa imeshahangaika na kufunga mizigo. Ilikuwa imeenda mjini kununua dawa ya safari na kurudi yenyewe, bila kumwomba mtu lifti.

— Imepita nusu, Kepten alisema. Imepita sana.

Benchi lilishangilia kwa heshima. Waziri alirudishiwa koti na akalivaa akieleza kwamba kutikisa ndiko kulikoamsha gesi. Kepten alitoka akijipangusa mgongo, akapongezwa, akasimama katikati yao na mikono isiyojua pa kukaa.

— Lakini ile tairi ya nyuma, alisema.

— Ni mpya, Spana alisema. Nilikuwekea mimi.

— Na kama tangi inavuja huko kwa nati?

— Nimepaka sabuni kila nati. Hakuna povu hata moja.

— Na njia ya Lodwar, pale Marich, ikinyesha haipitiki.

— Binamu yangu amepita jana, Radio alisema. Kukavu kama biskuti.

Mlango wa duka ukafunguka na Unnati akatoka na kikombe mkononi. Unnati ni mke wa mtoto wa Kavita, ameolewa juzi tu kutoka Kisumu, na bado yuko katika zile wiki za kujifunza majina ya saizi za misumari. Alikuwa nyuma ya kaunta tangu mchana na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo habari ya safari ilikuwa imemfikia yote, isipokuwa ile sehemu ambayo benchi halisemi.

— Auntie, kahawa iko?

— Imeoshea gari, Naliaka alisema.

Unnati alicheka, akaangalia sufuria tupu, kisha akamgeukia Kepten na uso wa mtu mwenye furaha kwa ajili ya mwingine.

— Uncle, nimeskia mnaenda kuona mjukuu. Hongera sana. Anaitwa nani?

Waziri alichungulia ndani ya kikombe chake. Spana akaanza kufuta spana iliyokuwa safi. Radio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina hilo, akaufunga bila kutoa kitu.

Kepten alitaka kujibu. Alikuwa mtu wa kujibu. Ukimwuliza kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya mpaka wowote, atakwambia na jina la mlinzi. Alijua ukubwa wa kila bolti iliyoshika lile tangi. Alitafuta kichwani jina la mtoto, akakuta hapana kitu, na alipozidi kutafuta akagundua hata kama ni msichana au mvulana hajui. Hakuwahi kuuliza. Kila mkewe alipokuwa jikoni na simu, akicheka chini chini na binti yao, yeye alitoka nje kwenda kulitazama gari.

Unnati aliona amekosea mahali, lakini hakuona ni wapi.

— Kwani bado hawajampa jina? aliuliza taratibu.

Kepten alimtazama Jepkemei. Mkewe alilijua lile jina. Lilikuwa pale pale kwenye uso wake, lilikuwa hapo miezi yote hiyo, likingoja kuulizwa.

— Mama Chep, alisema.

— Naijua, Jepkemei alisema bila ukali wowote. Lakini si mimi wa kukwambia. Simu uko nayo mfukoni.

Naliaka ndiye aliyesimama kwanza. Alichukua birika tupu akavuka mtaro kwenda kwa jiko lake. Waziri akakumbuka ana mtu wa kuonana naye, Spana akakumbuka karakana, Radio akaisukuma pikipiki yake bila kuiwasha mpaka ng'ambo. Unnati akarudi ndani na kulifunga lile dirisha. Benchi likabaki tupu, na Kepten akaketi katikati yake.

Nambari ilikuwa chini kabisa, ilipozikwa na nyingine nyingi. Kidole chake kilikuwa bado na baridi ya tangi. Simu ikaita mara moja tu.

— Baba? Mama ako sawa?

Alikuwa amepanga maneno mengine, mazuri, ya mtu mzima, lakini yote yalimkimbia. Likabaki lile swali la Unnati, naye akalichukua.

— Mama ako sawa, alisema. Chep, mtoto anaitwa nani?

Upande wa pili pua ikavutwa, na nyuma yake mtoto akapiga kelele ya kutaka kitu. Chepkosgei akamwambia. Kepten akalirudia jina hilo mara mbili, kwa sauti ya chini, asije akalikosea atakapofika.

Jepkemei alipanda ngazi ya gari, akapita chini ya zile taa nne, akainama kutafuta kiatu chake cha pili.